Mwalimu Selina Anahama, Darasa Linabaki

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Afisa Elimu. Ndugu Mkuu wa Shule, mwenyeji wetu. Mchungaji na Shehe mliotufungulia shughuli kwa dua. Walimu na wanafunzi. Wazee wangu wa kamati ya kituo cha afya mliosafiri kutoka Mkalama tangu alfajiri. Wanakikundi wenzangu wa Darasa la Jumamosi. Na wewe Mwalimu Selina, ambaye viti hivi vimepangwa kwa ajili yako: wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum.

Majina na vyeo nilisomewa kabla sijasimama, nikavikariri. Kama yupo niliyemruka, naomba anisamehe, na asihangaike kunikunjia uso, maana adhabu hiyo kwangu haifiki.

Kwa wasionifahamu, naitwa Winfrida Mathayo. Natengeneza programu za kompyuta, na sioni. Nimeombwa na kikundi nimuage Mwalimu Selina, ambaye uhamisho wake wa kwenda Sumbawanga umeshatoka na mizigo yake, nasikia, imeshafungwa. Sijui kumuaga mtu kwa sifa za jumla. Naomba mniruhusu nieleze alichonifanyia, kisha niseme neno moja kuhusu kesho.

Nilizaliwa Kinampanda, kwa wakulima wa alizeti na mtama. Nilisomea kompyuta Dodoma, nikaajiriwa na kampuni moja iliyoniruhusu kufanya kazi nikiwa hapa hapa Singida. Wakati huo kuieleza kazi yangu ilikuwa shughuli. Mama yangu, Lea, aliposikia kwamba kinachoandikwa ndani ya kompyuta kinaitwa kodi, aliwaambia majirani binti yake anaandika kodi, na wenye maduka pale kijijini wakaanza kunikwepa. Ilibidi nipite nyumba kwa nyumba kuwatoa hofu.

Kikundi chetu kilianzia kwenye kibanda cha Miraji, fundi simu, karibu na soko. Vijana walikutana pale Jumamosi kwa sababu Miraji alikuwa na intaneti na hakuwa mchoyo. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Siku Mwalimu Selina alipoingia kwa mara ya kwanza, na vumbi la barabara ya Ilongero bado liko kwenye viatu vyake, vijana walimuuliza simu yake ina tatizo gani. Akawajibu kwamba simu yake ni nzima, amekuja kusoma. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Baada ya muda si mrefu ni yeye aliyemwomba Mkuu wa Shule atufungulie chumba cha kompyuta siku za Jumamosi, na ni yeye aliyekwenda kwa wazazi, mmoja mmoja, kuwaomba binti zao. Wangapi kati yetu tungekwenda kubisha hodi kwa mzazi ambaye ameshasema hapana? Yeye alikwenda, akaambiwa hapana, akarudi tena.

Halafu macho yakaanza kuniacha. Ndugu zangu, sikupata ajali wala sikurogwa, kama wengine walivyopenda kusema. Daktari alinieleza ni presha ya macho, ilikaa muda mrefu bila kujitangaza, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Nilikuza maandishi kwenye skrini, nikayakuza tena, mpaka neno moja likajaza skrini nzima, na bado nikalikosa. Kampuni ilinishukuru kwa utumishi wangu. Walikuwa na adabu, siwasemi vibaya. Lakini ukishukuriwa namna ile ukiwa bado kijana, unaelewa mlango umefungwa.

Nikarudi Kinampanda kwa mama. Nikamwambia aifunge ile kompyuta kwenye kanga, aiweke juu ya kabati, nisiiguse hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeshaamua kwamba maisha yangu ya kazi yamekwisha, na sikutaka mtu anibembeleze.

Jumamosi moja nikasikia pikipiki inazimwa uani. Alikuwa Mwalimu Selina. Amepanda basi mpaka Misigiri, kisha bodaboda, na mvua imemnyeshea njiani. Nilimsalimia, halafu nikamwambia, "Mwalimu, umekuja kuniona, umeniona. Chukua hiyo kompyuta mkaitumie huko."

Akasema, "Sawa." Hakuichukua. Alitoka nje, akakaa na mama wakapukuchua mahindi mpaka jioni, wakizungumza habari za mvua na za kuku, kisha akaaga akaondoka. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Mahindi yalikuwa yamekwisha, wakachambua maharage. Mimi nimelala ndani, nimekasirika, nasikiliza. Alinitaja kwa kunijulia hali tu, kama unavyomjulia hali mgonjwa wa kawaida. Sasa nawaulizeni: mtu asiyekubembeleza utamfukuza kwa lipi?

Safari ya tatu alikuja na Miraji. Waliiteremsha kompyuta kutoka juu ya kabati bila kuniuliza, na Miraji akaweka ndani yake programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini. Sauti yake ilikuwa ya Kizungu. Ilipolifikia jina langu ilikwama kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki, na ilipojaribu sentensi ya Kiswahili, mama akauliza kwa Kinyiramba kutokea jikoni, huyo mzungu mwenye mafua amepita mlango gani.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nirudi nyumbani. Na nilipomaliza kucheka, mikono yangu ilikuwa tayari juu ya vitufe.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kujifunza upya kazi uliyokuwa unaijua ni kugumu kuliko kujifunza ya mwanzo, kwa sababu unakumbuka ulivyokuwa hodari. Nilikuwa naandika mistari, mashine inanisomea, nasahau wa kwanza kabla sijafika wa tano. Niliwahi kuitukana ile sauti mpaka mama akaniambia nina laana. Kuna asubuhi nilihangaika na programu ndogo kabisa, ambayo zamani ningeiandika nikiwa nakunywa chai, ikakataa, ikakataa tena, na mwishoni nikagundua nimesahau kufunga mabano. Nikayafunga. Ikafanya kazi. Nikaomba maji ya kunywa, nikanywa, nikaanza nyingine.

Nikarudi mjini. Nikarudi kwenye darasa la Jumamosi. Lakini kurudi kikundini si kurudi kazini, na nani ampe kazi ya kompyuta mtu asiyeona? Hapo ndipo wazee hawa wa kamati wanapoingia.

Kituo chao cha afya kilikuwa na shida inayojulikana. Akina mama wanatembea na watoto mgongoni kutoka kwenye mabanda ya ng'ombe huko mbali, wanafika, wanakuta chanjo imekwisha, wanarudi. Chanjo ikija, hawana habari. Mwalimu Selina alisikia kwamba kamati inatafuta mtu wa kuwatengenezea njia ya kuwaita akina mama kwa simu. Akanishika mkono tukaenda.

Mwenyekiti, Mzee Elisha, yupo hapa leo. Nimekitambua kikohozi chake. Mzee wangu, utaniruhusu niseme ukweli. Ulitupokea vizuri, ukatukaribisha viti, kisha ukamgeukia mwenzangu ukamuuliza, "Huyu ataiweza kazi hii?"

Mwalimu Selina hakunisifia hata kidogo. Alisema, "Mzee, muulize mwenyewe. Masikio yake ni mazima."

Mzee Elisha akavuta kiti chake, nikakisikia kinasogea upande wangu, akauliza swali la haki kabisa: "Binti yangu, utajuaje umekosea, na hali huoni?"

Nikamjibu, "Nitajua kama nilivyokuwa najua zamani, mzee. Nitajaribu. Programu yenye kosa inakataa kufanya kazi, haimwangalii aliyeiandika."

Wakatupa nafasi ya majaribio. Na majaribio, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yalishindwa.

Nilikuwa nimeamua simu ziongee badala ya kutuma maandishi, kwa sababu bibi anayelea mjukuu pengine hasomi, na mimi nilikwisha kujua thamani ya mashine inayosema. Mama yangu ndiye aliyetoa sauti ya Kinyiramba. Miraji alimrekodi chini ya blanketi ili upepo wa Kinampanda usiingie. Tulifurahi, tukapiga simu zetu mchana, tukasubiri. Waliokuja walikuwa wachache mno. Muuguzi alinieleza kwa huzuni kwamba kamati inafikiria kuachana na jambo lenyewe.

Nikamwambia Mwalimu Selina kwamba pengine wamesema kweli. Ndiyo siku pekee aliyonikaripia. Alisema kwamba programu imekosea, na kosa hutafutwa, na kwamba kama nataka kulia nilie tukiwa njiani. Tukapanda pikipiki, tukaenda kwenye mabanda, tukawauliza wenyewe. Wakatueleza. Mchana simu iko gulioni inachajiwa. Au iko kwa baba, na baba yuko machungani. Na ukikuta simu imepigwa, utampigiaje mtu usiyemjua wakati huna salio?

Kilikuwa kitu chepesi kiasi hicho, nami sikukifikiria nikiwa nimekaa mezani. Nikabadilisha. Simu zikawa zinapigwa jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Na mama mwenye mtoto akitaka habari wakati wowote, anabipu tu, anakata; mashine inampigia yenyewe na kumweleza kwa lugha yake kama chanjo ipo. Kubipu kila mtu anajua. Sikumfundisha mtu.

Baada ya chanjo kufika safari iliyofuata, simu yangu iliita asubuhi. Alikuwa Mzee Elisha. Hakunisalimia kwa utaratibu wake wa kawaida. Alisema, "Binti, mabenchi hayatoshi. Wamekaa mpaka chini ya mti wa getini. Tufanyeje?"

Nikamwambia aazime mabenchi ya kanisani.

Tangu hapo sijakosa kazi. Programu ile inaendelea, nami nimeandika nyingine, na kampuni ambazo hazijawahi kuniona wala kujua kama naona zinaniajiri kwa ubora wa ninachowaletea. Leo naitunza nyumba ya mama yangu kwa kazi hii. Nasema hivyo mbele ya wanafunzi hawa, hasa nyie wasichana wa mbele mnaonong'onezana, ili mjue kwamba ni kazi kweli, na inafanyika hapa hapa, upepo na vumbi vikiwepo.

Mwalimu Selina, nimeyasema haya yote mbele ya watu kwa makusudi, kwa sababu wewe una tabia ya kukana. Utasema ni Miraji, utasema ni Mungu, utasema ni juhudi za Winfrida. Miraji tunamshukuru. Mungu tunamshukuru zaidi. Lakini aliyenyeshewa mvua kutoka Misigiri alikuwa nani?

Sasa lile neno langu kuhusu kesho.

Tangu habari za uhamisho zitoke, nimeulizwa na zaidi ya mmoja, tena kwa upole, kama tunavyoulizana msibani, kompyuta za kikundi zitagawanywaje. Wengine wameanza kusema kwamba darasa lilikuwa la Selina, na Selina akiondoka limekwisha. Ndugu zangu, hivi mkulima mmoja akihama kijiji, watu wanaacha kulima? Mtu aliyetufundisha kutegemea akili zetu tumuage kwa kuonyesha kwamba hatukuelewa kitu?

Mkuu wa Shule, nakuomba mbele ya mgeni rasmi ufunguo wa chumba cha kompyuta ubaki kikundini. Tutakitunza kama alivyokitunza yeye. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kwako nina ombi moja. Kila mfumo wa kompyuta utakaoletwa kuwahudumia wananchi wa hapa, kabla haujapokelewa, mwiteni mtu asiyeona aujaribu. Tupo, na tutakuja. Akishindwa kuutumia, mrudisheni fundi akaurekebishe.

Na kwa wale wanaouliza nani atafundisha: Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, darasa lipo. Mwalimu ni mimi.

Najua mnachofikiria. Amne, mwanafunzi wetu mdogo kuliko wote, ameshaniuliza nitazionaje kazi zao. Nimemwambia kila mmoja atasimama anisomee alichoandika, mstari kwa mstari, kwa sauti, mbele ya wenzake. Atakayesoma mstari asiouelewa, nitausikia kwenye koo lake. Atakayenong'ona ataanza upya. Atakayechelewa atanikuta nimeshaanza.

Mwalimu Selina, nenda salama. Sumbawanga nao wana vijana, na kuna mahali fulani kule kuna ndoo inayokusubiri uigeuze ukae. Huku usiwe na wasiwasi na sisi.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa muda mlionipa. Tuonane Jumamosi.