Mkanda Usio wa Lori Lake

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha malori ya kampuni yetu, dereva ambaye karakana nzima inamwita Bwana Sanduku atakabidhi ufunguo na kustaafu. Uongozi umemwomba dereva mwenzake, ambaye pia ni ndugu wa mkewe, aandike wasifu huu. Mwandishi alikubali kwa moyo mmoja, na moyo huo huo una wivu. Ni vizuri tuambiane mapema.

Alianza kama utingo, akawa dereva wa lori la saruji, hatimaye akapewa lile lori refu la trela ambalo kila mmoja wetu alilitaka. Mwandishi alilitaka zaidi. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hajawahi kutelekeza mzigo njiani, wala mtu aliyekwama.

Jina lake lilitokana na sanduku la bati la kijani analoliweka nyuma ya kiti. Nyuma ya kiti, si chini ya mzigo, kama alivyofanya mwenzetu mmoja aliyelazimika kushusha mifuko ya saruji ndipo aifikie jeki. Sanduku lina kanuni moja: kinachohitajika kwanza hukaa juu. Ukifunua unakuta pembetatu za tahadhari, tochi na glovu, kwa sababu dereva aliyeharibikiwa lazima kwanza aonekane, kisha aone. Halafu kuna vifaa vya huduma ya kwanza, fyuzi, tepu, waya wa kufungia na nyaya za kuazima chaji ya betri. Spana na jeki hukaa chini kwa uzito wake. Kizimamoto hakiingii humo. Kimefungwa karibu na mlango, ukinyoosha mkono unakipata. Vitu vidogo vimo kwenye mifuko ya turubai iliyoshonwa na mkewe. Mshono huo mwandishi anaujua vizuri, maana ndio uliokuwa kwenye mkoba wake wa shule. Tangu dada yake mkubwa aolewe, hajamshonea kitu.

Mwandishi naye alinunua sanduku lake. Lilikuwa jekundu, lenye droo, na spana zinazong'aa kama vijiko vya wageni. Siku hosi ya maji ilipopasuka mlimani, spana zote zilikuwepo. Klempu ya kubania hosi haikuwepo hata moja. Aliyesimama kumsaidia mnamjua. Alitoa kipande cha hosi, klempu na dumu la maji, akafunga, akafuta mikono, akaondoka. Afadhali angecheka. Mwandishi alipopita kwa dada yake jioni, habari ilikuwa imeshatangulia, na chai aliyopewa ilikuwa chai ya pole.

Basi ikawa kila anayekwama anampigia Bwana Sanduku. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu tulimsifu mpaka tukachoka, na hakutia hata tone.

Faraja ya mwandishi ilikuwa moja tu. Kila ukaguzi wa vifaa, mkaguzi alikuta chini kabisa ya sanduku lile mkanda wa feni usioingia kwenye lori la mwenyewe. Wa lori lake ulikuwepo. Huu ulikuwa wa ziada, mfupi, ndani ya karatasi yake. Aliambiwa autoe, akaitikia kwa adabu, na katika ukaguzi uliofuata mkanda ukakutwa pale pale. Mwandishi alisimulia kantini, akasimulia getini, akawaambia hata wageni kwamba bingwa wenu hajui mkanda wa gari lake. Kicheko hicho kilimlea miaka mingi.

Desturi yetu ni kwamba anayestaafu humwachia sanduku dereva anayebaki barabarani. Mwandishi hakuomba, ila wiki nzima aliwahi kazini na ndevu zimenyolewa. Jumatatu, mbele ya watu wote, Bwana Sanduku alilikabidhi kwa dereva wetu mpya, binti wa mpishi wa kantini, aliyeanza juzi tu. Roho iliniuma. Shemeji mtu anaachwa hivi hivi!

Lakini kabla ya kulifunga, alichomoa ule mkanda mfupi akanitia mkononi. Nilidhani ananitania. Karatasi yake ilikuwa mpya, na namba iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya lori langu. Si lile nililoanza nalo, ni hili ninaloendesha sasa. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote nikimcheka. Alinijibu kwamba mwenye kuutia mle ni dada yangu, kila nikibadilishiwa lori humwagiza mkanda mwingine, na kwamba yeye hakuwa na ubavu wa kurudi nyumba ile akiwa ameniacha nimekwama.

Mkanda sasa uko nyuma ya kiti changu, ndani ya mfuko wa turubai nilioletewa jana. Mshono ni ule ule.

Shemeji, karakana nzima inakushukuru na kukuombea afya na mapumziko marefu. Wivu wangu haujaisha. Kuanzia Jumamosi utakunywa chai ya dada yangu kila asubuhi, nami niko barabarani. Kunywa kwa raha zako, ila unibakizie kikombe.