Mgeni Aliyeitika kwa Wakorea

Benchi letu liko nje ya duka la mashine za kufulia hapa North Buffalo, ukutani pale panapotoka joto la mashine za kukaushia. Tunaokaa ni walewale. Kuna mimi Abdulkarim, mtu wa Tanga, niletaye kahawa kwa mkono wangu na bado nasimangwa kwamba tangawizi haitoshi. Kuna Thobias, tunamwita Majira, kwa sababu hafungui mdomo kabla hajachungulia hali ya hewa kwenye simu. Kuna Mukansanga, Mama Ushuhuda, ambaye hata soksi ikipotea mashineni lazima ashuhudie. Jumamosi hiyo akaja Bagula, Mkongo wetu wa kiwanda cha mikate, jina lake la hapa ni Pilipili. Hakusalimia. Alikaa, akashika simu kwa mikono miwili, na ule uso wake mimi sikuupenda kabisa.

Mimi: Unampigia nani?

Pilipili: Mama, kule Louisville. Naogopa kubonyeza.

Mama Ushuhuda: Yesu! Kuna nini tena?

Pilipili: Bon, musikilize kwanza. Jana tulienda kula kwa Wakorea, kule kwenye muchanga ya Ziwa Erie. Ilikuwa anniversaire, siku ya kuzaliwa ya mutoto wangu Clémence. Ule mutoto anaangalia mafilimu ya Wakorea mpaka anasahau kulala. Akasema, papa, munipeleke kule.

Majira: Jana ziwani kulikuwa na ukungu tangu asubuhi.

Pilipili: Njo ile ukungu yenyewe. Tulikaa kwenye dirisha, mai ya ziwa hatuione, tunaisikia tu. Wakaleta visahani mingi hata hatuombe, kabichi ya pilipili, nikasema hapa niko kwetu. Kisha pweza. Vipande iko inatembea kwenye sahani!

Mama Ushuhuda: Inatembea! Na wewe ukala?

Pilipili: Nilikula, mama. Donc, niko natafuna, naona mutu inje ya kioo. Anasimama pale muchanga inaishia. Ananiangalia vile ninakula. Wewe ungefanya nini?

Mimi: Ningemwambia karibu.

Pilipili: Voilà. Nilinyanyua mukono, nikasema, karibu, tukule.

Sote tukatikisa vichwa kukubali. Nani aliyelelewa vizuri atakula huku mtu anamtazama, asimkaribishe? Unasema karibu, mwenzio anasema ahsante nimeshiba, basi, yamekwisha. Hakuna anayetegemea mtu aje kweli.

Pilipili: Akakuja.

Mimi: Alikuja vipi?

Pilipili: Mulango ilifunguka, akaingia, akakaa pembeni ya Clémence. Nikaona uso. Ni Zéphyrin.

Hapo hata Majira aliweka simu chini. Zéphyrin ni mdogo wake Bagula. Walipokimbia vita kutoka Fizi, boti yao ilipinduka Ziwa Tanganyika. Bagula aliogelea akafika. Zéphyrin hakuonekana tena, wala mwili haukupatikana. Mama yao, Mama Laurentine, yuko Louisville, mtaa wa Iroquois, na miaka yote hii alikataa katakata mwanawe asifanyiwe matanga. Ni mwezi huu tu amekubali, tena kwa kuombwa na kubembelezwa. Kesho baada ya ibada wanamlilia rasmi. Ndugu wa Columbus wameshafika tangu jana.

Majira: Pole, kaka. Lakini kile ni kioo. Nje ukungu, ndani taa, umejiona mwenyewe. Si mlifanana?

Pilipili: Na mimi nililowana? Shati yake ilikuwa inatiririka mai! Nilimuuliza Clémence, unamuona uncle? Akanijibu na Kingereza yake, eti hakuna mutu. Lakini ule bibi Mukorea, mwenye hoteli, alileta bakuli ingine, na kijiko, na vijiti vya chuma. Akaweka mbele ya kiti ile. Akainamisha kichwa. Kisha akaleta kitambaa, akapanguza mai kwenye sakafu, toka mulangoni mpaka kwenye kiti.



Mama Ushuhuda: Huyo bibi amewazoea hao wafu. Wanakuja kwake! Na wewe umekula kitu ambacho hakijamaliza kufa, unategemea uone nini?

Majira: Ngojeni. Tanganyika ina kina cha ajabu. Maji yale ya chini kabisa yanakwenda wapi? Mimi nasema maziwa yote haya huko chini ni kitu kimoja.

Mimi: We Thobias! Si umesema kioo sasa hivi?

Majira: Habari ya kitambaa nilikuwa sijaisikia.

Mama Ushuhuda: Basi kaka wa watu ametembea chini ya maji miaka yote hiyo, anangoja mtu amwite kwa lugha yake. Wazungu wanakula pale ufukweni kila siku. Nani kati yao anasema karibu?

Mimi roho iliniuma, nikaona huyu mtu tunammaliza, nikamtafutia neno la kumfariji.

Mimi: Labda hakufa, Bagula. Labda wavuvi walimwokoa, akaingia kambini, akaandikishwa pamoja na familia ya watu wengine, akaletwa hapahapa Buffalo. Wangapi wamepotezana hivyo na wako hai?

Laiti ningenyamaza. Alinigeukia uso wote umefunguka.

Pilipili: Njo ile, Abdul! Eko muzima! Mama asimulilie kesho mutu muzima!

Akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Simu ikaanza kuita.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka binti mmoja na kapu la nguo zilizokunjwa. Anaitwa Anjelina, mwanafunzi, amefika juzi tu kutoka Mwanza.

Anjelina: Shikamooni. Samahanini, nimewasikia nikiwa ndani. Huyo mdogo wako alipotea akiwa na umri gani?

Pilipili: Kumi na tisa. Kama wewe hivi. Clémence alikuwa bado kuzaliwa.

Anjelina: Pole sana, baba. Na huyo wa jana, ameshakuwa mtu mzima?

Bagula akafungua mdomo. Akamtazama yule binti usoni, akamtazama tena, kama mtu anayeuona ule uso wa jana, uleule wa miaka kumi na tisa.

Mimi: Bagula. Mjibu.

Simu ikapokewa.

— Allô? Bagula? Ni wewe, mwana?

Alitugeukia sisi, mmoja mmoja, atafutiwe la kusema. Nikatazama chini. Mama Ushuhuda naye akatazama chini.

— Sema, mutoto wangu. Mama anasikia.