Kamba ya Mafundo Mawili

Shikamooni wakubwa. Rika langu, hamjambo. Leo nimeomba nisimame mbele ya kikundi chetu, na sijasimama kuomba msamaha. Majina ya watu sitaji. Mtu akijijua, acheke kimoyomoyo.

Mnanijua, nauza vitambaa vya kukata hapa Kariakoo. Kutwa nzima rula ya mbao iko mkononi. Mteja akitaka mita tatu kasoro robo, anapata mita tatu kasoro robo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mama yangu ana shamba la eka nne kule Mkuranga, aliachiwa na marehemu baba. Kuna mikorosho mikongwe ya matawi yaliyoinama, na katikati yake analima muhogo. Jembe la mkono lilishammaliza mgongo. Kaka yangu mkubwa kila tukikutana wimbo ni uleule: "Shamba liuzwe, mama aje mjini apumzike." Mama hataki hata kusikia, kaburi la baba liko mle. Basi nikajiapiza, nanunua trekta.

Ndugu zangu, nawaambia, ukitaja trekta Kariakoo, mtaa mzima unageuka fundi. Muuza mabegi jirani yangu akasema, "Dada, usichukue kidude kidogo, utachekwa." Mama lishe akataka lenye kibanda cha vioo na kiyoyozi. Mbeba mizigo mmoja, hata punje hajawahi kupanda, akaniambia lazima liwe jekundu. Nikaenda yadi, nikasikiliza injini, nikapigwa picha nimeshika usukani, nikachukua kubwa kuliko yote niliyoweza, na kibanda chake cha vioo juu. Shamba sikulipima hata hatua moja. Mimi, mwenye rula! Chekeni tu, nimewaruhusu.

Lilifika Mkuranga mikorosho imejaa maua. Majirani wakapiga vigelegele. Dereva akaingia mstari wa kwanza, kile kibanda kikagonga tawi, tawi likakatika. Akataka kugeuza, nafasi haikutosha, akavunja la pili. Nikapiga kelele asimame. Kabla hajasimama, mkorosho alioupanda baba mwaka niliozaliwa ulikuwa umepasuka katikati.

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliinama akaokota yale maua, akayatia kwenye pindo la khanga yake kana kwamba atayarudisha mtini. Niliona aibu, jamani, sijapata kuiona. Kaka alikuwa pembeni amekunja mikono. "Umeona mwenyewe," akasema. "Sasa tuuze."

Hapo ndipo nilipobadilika. Machozi yananitoka, lakini nikamjibu: "Kaka, shamba haliuzwi. Linauzwa trekta." Na nikaliuza kweli. Hasara yake sitaisema hapa, ni yangu mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nikarudi Mkuranga na kamba hii mnayoiona. Fundi cherehani tunayekaa naye baraza moja alinishikia ncha ya pili. Tukapita mti kwa mti. Pale mikorosho ilipobanana kuliko kwingine kote, nikapima upana, nikafunga fundo. Tawi lililoinama kuliko yote, nikapima kimo chake toka ardhini, nikafunga la pili. Mafundo mawili, basi.

Nikaingia nayo yadi baada ya yadi. Muuzaji mmoja akanisema mbele ya wateja wake, "Mama, hapa siyo duka la khanga." Nikamwambia, "Mwanangu, dukani kwangu hukatiwi kitambaa cha suti bila kupimwa." Nikasimamisha mapipa mawili, upana wa fundo la kwanza. Nikasema, litakalopita hapa na kugeuka bila kugusa, ndilo langu. Matatu yaligonga mapipa. La nne lilikuwa dogo, la mtumba, halina kibanda, rangi imebabuka. Likapita, likageuka, likarudi. Nikashusha ncha ya kamba hadi ardhini, nikainua fundo la pili, likawa juu ya kichwa cha dereva bila kumgusa. Nikalilipia palepale.

Leo linalima. Mkorosho wa baba tuliukata pale ulipopasuka, na umechipua. Mama anakaa kivulini anamwelekeza dereva kwa fimbo, na akikosea anamgombeza hasa.

Nawashukuru. Fundi cherehani, uliacha Jumapili yako kwa ajili yangu, Mungu akuzidishie. Mama yangu, uliokota maua ukaninyamazia, asante. Na ninyi mlioniita Mama Trekta humu humu kikundini mkicheka, niiteni tena. Sasa hivi naitika.

Ninachowaachia ni kidogo. Usinunue kitu kwa macho ya mtaa. Nenda kapime mahali kitakapofanyia kazi, hata kama watakucheka na kamba yako.

Juzi kaka alinipigia simu. Ana kishamba chake kule kule Mkuranga, anaomba trekta likamlimie. Nikamwambia, "Shikamoo kaka. Trekta lipo kwenye shamba ulilotaka tuliuze. Kamba ninayo mimi. Njoo uichukue, ukapime, halafu tuongee."