Hodi ya Bwana Kaingu

Maskati, 12 Juni 1986. Huu ni mwaka wa kumi na saba tangu niondoke Kilifi. Jarida la kituo cha utafiti nilikofanya kazi huko limeniomba nimuage Bwana Kaingu Mwambire wa Kakuyuni, anayestaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na mitano ya kukusanya wadudu na buibui. Nikiandika wadudu peke yake atanikanya: buibui ana miguu minane.

Aliajiriwa mwaka 1951 kufyeka nyasi. Mwaka haukuisha, akawaonyesha wakubwa wake wasichokijua: buibui wadogo kuliko wote katika ukoo wa wale wakubwa wenye manyoya, ambao meno yao huelekea chini kama jembe. Mzima wao ni kama punje ya mchele. Usiwatafute uwanjani. Tafuta ukuta mkongwe wa matumbawe, upande usiopigwa na jua, penye ukijani wa unyevu. Hapo utaona viduara vya udongo, kila kimoja na bawaba ya utando. Ni milango.

Kaingu hakufungua mlango bila kupiga hodi. Nilimtania, nikimuuliza kama wamemkaribisha kahawa.

"Wewe Bwana Mahadhi," akasema, "ukifunguliwa kwako bila hodi, kelele zako zitasikika Malindi."

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 1968, mimi mwandishi wa vibandiko vya chupa, niliandika kwenye kimoja jina la gofu, lile jengo la kale lililobomoka walimoishi buibui wake, na idadi ya hatua mpaka ukutani. Mgeni mmoja akasoma. Kaingu alipokwenda matangani, mgeni akachukua patasi, akawatoa wote arobaini na mmoja, akawatia chupani.

Kaingu hakunigombeza. Masika yalipopita alinipeleka gofuni. Milango arobaini na mmoja ilikuwa imefungwa, mipya, palepale. Nilisema labda ni watoto wao. Akaniuliza watoto wa nani, ilhali mama zao wote aliwahesabu mwenyewe chupani. Bila hodi, nikachomeka unyasi. Ukavutwa kutoka ndani. Nikauachia. Ukaingia taratibu, shubiri nzima, kisha mlango ukafungwa.

Tangu siku hiyo vibandiko vyake huandikwa "Kilifi" tu, na ukimtoa yule mgeni, ukuta tunaujua sisi wawili. Sasa ana mtoto wa jicho, na wachonga mawe wamelikaribia gofu. Ameniandikia nije nimwonyeshe Kabibi Kahonzi, anayeshika kazi yake, kabla ukuta haujageuzwa matofali.

Kabibi, usiningoje. Mshike mzee mkono umfikishe gofuni. Vidole vyake vitaiona milango. Wazuie wachongaji. Na upige hodi.

Kaingu, ahsante kwa miaka yote, na kwa kunisitiri. Pumzika Kakuyuni kwa afya na amani, nyumba yako isikose wa kubisha hodi. Mimi hata mlango wa chumba changu siufungui bila hodi.

Sitarudi.

Mahadhi Aboud