Aune Karvinen, Chiriku wa Mafungo ya Kimya

Marehemu Aune Helmi Karvinen alijulikana katika Sointula, kijiji cha kisiwani, kwa jina la Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake, mzee Oskari Rintala, mvuvi wa samoni, katika kiangazi cha mwaka 1963. Siku alipochukuliwa baharini kwa mara ya kwanza, Aune alizungumza tangu gatini hadi nyavu zilipopandishwa zikiwa tupu.

"Chiriku wewe," baba yake alimwambia, "hata samaki wameziba masikio."

"Samaki hawana masikio ya kuziba, baba. Sema umechoka wewe."

Jina likamganda.

Alizaliwa Sointula, katika pwani ya British Columbia, tarehe 14 Machi 1957, akiwa binti wa pekee na kitinda mimba wa mzee Oskari na mama Helmi. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha akawa akivuka kwa kivuko kwenda sekondari ya Port McNeill, alikohitimu mwaka 1975. Mwalimu wake mmoja aliandika kwamba binti huyu ana akili nyingi na kwamba darasa zima, mwalimu akiwemo, lingeshukuru likipata mapumziko.

Tarehe 18 Juni 1983 alifunga ndoa na Bw. Tauno Karvinen, fundi wa mashua, mtu ambaye maneno yake ya juma zima yangeenea kwenye kijiko. Tauno alimposa wakiwa katika kayaki ya watu wawili, yeye nyuma, Aune mbele akisimulia habari za harusi ya jirani.

"Aune, nikikuomba nikuoe utakubali?"

"Ngoja kwanza nimalize," Aune alijibu. Akamaliza harusi ya jirani, pamoja na ugomvi wa keki, ndipo akageuka na kukubali. Walijaliwa binti mmoja, Sirkka.

Alianza kuongoza wageni kwa kayaki mwaka 1984. Mwaka 1991, baada ya kumwongoza mwalimu wa kutafakari aliyesafiri naye siku nzima bila kufungua kinywa, alianzisha pamoja na mumewe mafungo ya kimya katika visiwa visivyokaliwa na watu, upande wa mashariki. Wageni walipiga makafi asubuhi, jioni wakaketi juu ya miamba kutafakari, usiku wakalala katika mahema chini ya mierezi. Tangu mlo wa kwanza hadi kengele ya asubuhi ya mwisho, hakuna aliyesema. Kafi likisimamishwa wima, maana yake njooni; likilazwa juu ya kichwa, simameni. Neno la kwanza baada ya kengele lilikuwa haki ya Aune, na kamwe halikuwa moja.

Kijiji kilimtania sana. "Chiriku anafundisha watu kunyamaza! Basi na paka afundishe kuogelea!" Naye hakuwahi kukasirika. "Nyinyi mnasikia yanayotoka tu," aliwaambia. "Mngesikia yanayobaki kichwani, mngeniombea kimya."

Ugonjwa ulimjia ndani ya kimya hicho, Agosti 2022. Katikati ya mafungo, Tauno alimwona amekaa ufukoni, kafi magotini, akiyatazama maji kama mtu aliyesahau alilokusudia. Akavunja mwiko. Aliinama, akamnong'oneza, "Mke wangu, uko salama?" Aune alimtazama, akatabasamu, akaweka kidole midomoni. Tauno aliona haya. Miaka thelathini na moja ya mafungo, na leo yeye ndiye wa kuonywa kama mgeni! Akarudi kwenye kayaki yake, na hakuuliza tena.

Asubuhi ya mwisho kengele ilipigwa. Aune alisimama mbele ya wageni, akafungua kinywa, na hapakutoka kitu. Wageni walidhani ni somo. Waliinamisha vichwa, mmoja alitokwa na machozi ya shukrani. "Jamani, huyu mama kaiva kweli," mwingine alinong'ona.

"Aune, sema basi," Tauno alimtania, "watu wanangoja kahawa." Kisha akayaona macho yake, akakimbilia redio kuita msaada.

Madaktari walikuta uvimbe katika sehemu ya ubongo inayotunza maneno. Walimweleza Tauno, tena kwa upole, kwamba siku zile chache alizochelewa kuita msaada zisingebadili kitu. Aliwasikiliza, lakini hawakumtua mzigo. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja: kile kidole kilikuwa cha kumkanya, au mkewe alikuwa akimwonyesha mahali palipoharibika? Alimwuliza vuli nzima, na baridi ikaingia akiuliza. Maneno ya Aune hayakurudi.

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 2 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mume, Tauno, binti, Sirkka, wajukuu wawili, Elvi na Otso, na kaka yake, Reino, anayewasomea wasifu huu. Dunia imwie nyepesi, naye apumzike katika amani aliyowafundisha wengi kuitafuta.

Tauno ameomba liongezwe jambo moja. Siku mbili kabla ya mauti, aliingia ndani kutoka kupasua kuni katika mvua ya theluji. Aune alikuwa ameketi kando ya jiko. Tauno alipiga magoti mbele yake, glavu zikichuruzika maji, akauliza tena.

"Baba, mwache mama apumzike," Sirkka alisema.

"Namwuliza kitu kimoja tu, mwanangu. Aune, ulikuwa unanikanya, au ulikuwa unaniambia?"

 Aune alimshika mkono, akamvua glavu ya kulia, akamvua na ya kushoto. Akazikamua. Mkono wake mmoja ulikuwa umekwisha kufa ganzi, kwa hiyo kazi ilikwenda polepole, na Sirkka alipotaka kusaidia, baba yake alimzuia. Aune akavinyoosha vidole vya glavu kimoja baada ya kingine, akazitundika juu ya jiko, moja, halafu ya pili, akaisogeza kidogo ili nayo ipate joto.