Gesi Haitoi Jasho: Tunamuaga Muuguzi Wetu wa Dharura

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi mkuu wa chumba cha dharura anavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Hospitali nzima inamwita Bwana Jasho. Kamati ya sherehe imenipa mimi, wa dirisha la mapokezi, kazi ya kuandika habari zake. Walijua nitamsifu bila kubana maneno, na hawakukosea. Nimeolewa mwezi uliopita, na furaha ninayotembea nayo kwenye korido hizi ina mkono wake.

Alianzia wodi ya wanaume, akahamishiwa dharura mwaka ule mashine ya kwanza ya kipimo cha moyo ilipoletwa. Wazee wa kazi wanasimulia kwamba mashine ilifungiwa kabatini na kufunikwa kitambaa, kama redio ya sebuleni. Bwana Jasho aliitoa, akaipandisha kwenye kigari, akakiegesha kigari nyuma ya mlango wa kuingilia. Kipo hapohapo mpaka leo. Anayekisogeza ili apitishe ndoo ya deki hukutana naye uso kwa uso.

Jina lake la utani limetokana na swali lake. Mtu akiingia ameshika kifua, taya, bega au tumbo, humsalimia kwa heshima, humgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kisha humuuliza kama ametoka jasho. Tunacheka, lakini ana sababu. Kwetu mtu akisema moyo unamuuma, ndugu zake huuliza nani kamuudhi. Akisema chembe ya moyo inamuuma, hutafutiwa dawa ya vidonda vya tumbo. Mshtuko wa moyo unaweza kupita mbele yetu umevaa nguo za gesi. Ndiyo maana kila muuguzi mpya aliimbishwa kanuni yake: gesi haitoi jasho. Pia aliwaonya wasiigeuze kanuni hiyo kuwa amri ya mbinguni, kwa sababu wazee na wenye kisukari wengine huja na uchovu tu. Kipimo kwanza, soda baadaye.

Kuna bibi mmoja aliyeletwa baada ya kugombana na wifi yake. Alilalamika kwamba moyo unamuuma, na ukoo mzima ukajaa chumbani kuwapatanisha. Bwana Jasho aliwaacha wapatane, huku yeye akimbandika bibi nyaya kifuani. Kipimo kilionyesha kwamba bibi alisema kweli tupu. Alitibiwa akapona, na hadi leo wifi huyohuyo ndiye anayemleta kliniki, wakigombana njia nzima.

Mimi naye alinipima. Nilimweleza kwamba moyo unanienda mbio bila kazi yoyote. Alitazama karatasi, akasema mistari iko sawa, kisha akataka kujua mbio hizo huanza saa ngapi. Nikajikuta nasema, gari la wagonjwa likirudi. Alinibandua nyaya taratibu, akasema mashine haisomi madereva. Tangu siku hiyo akaniita Bibi Harusi, kabla dereva mwenyewe hajasema neno. Dereva huyo sasa ni mume wangu, na mbio hazijapungua.

Sasa nifike kwa baba yangu. Baba ni fundi cherehani, na gauni langu la harusi alilishona mwenyewe. Zilipobaki wiki tatu, alinifuata kazini ili nilijaribu. Alilitandika juu ya kaunta ya mapokezi, akaanza kubana pindo kwa pini, mara akasimama. Alisema chembe inamuuma, ni gesi ya maharage ya jana, nimpe soda acheue. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kuinunua.

Bwana Jasho alikuwa anapita na chati mkononi. Aliona kola ya baba imelowa, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Hakuuliza swali lake. Alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akavuta kigari cha nyuma ya mlango. Daktari wa zamu alipoona mistari imenyanyuka, hakusubiri majibu ya damu. Alieleza kwamba donge la damu limeziba mshipa wa moyo, na kila dakika inayopita inakula msuli wake. Baba aliulizwa kama ana vidonda au dawa inayomdhuru, akapewa aspirini atafune, simu ikapigwa hospitali kubwa wajiandae.

Aliyeendesha gari ni mchumba wangu. Baba alimwambia aendeshe kwa adabu, kwa sababu bado hajamkabidhi mtu binti yake. Mimi sikuweza hata kutabasamu. Bwana Jasho alikaa nyuma, macho kwenye mashine, kidole kwenye mshipa wa mkono wa baba. Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono, wakazibua mshipa, wakauwekea kijiwavu cha chuma usizibe tena.

Baba alinisindikiza harusini kwa miguu yake, polepole, na anameza dawa zake kila siku bila kubembelezwa. Pindo la gauni lilibaki na pini upande mmoja, maana alikatazwa kuchosha mwili. Sikuruhusu fundi mwingine aliguse. Pini zilinichoma nilipocheza na mume wangu, nami nikazipenda.

Kumbe wakati sisi tunalia, baba alikuwa kazini. Akiwa amelala garini na nyaya kifuani, alimkagua muuguzi wake, akaona bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia na sare haijawahi kumkaa sawa. Daktari alipomruhusu kurudi kwenye cherehani, kazi yake ya kwanza ilikuwa shati. Hakuomba vipimo. Limekatwa kufuata bega lile, kwa pamba nyepesi inayonyonya jasho, na atakabidhiwa Ijumaa.

Bwana Jasho, asante kwa baba yangu na kwa baba za watu wote waliopita mlango ule. Kigari hakitasogezwa, na swali lako sasa linaulizwa dirishani kwangu. Nenda ukapumzike na mama watoto, ule kwa wakati, ulale umeshiba. Tunakutakia maisha mema, na jasho la jua tu.