Mama Bryson Hatajitokeza

Huda, zima feni mwanangu, linanipokonya maneno kabla hayajawafikia. Haya. Abdulrazak, kaa hapa karibu na miguu yangu, na simu iweke chini, wateja watasubiri, Kariakoo haijawahi kukosa mteja kwa sababu ya mtu mmoja kufa. Sikilizeni wanangu, na msinikate, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda tu, ya kurudi sina.

Ninayoyasema ni wosia wangu mimi baba yenu, Muhiddin, Mngindo wa Liwale, niliyekuja mji huu kubeba mizigo sokoni nikaishia kuuza mabaki ya nyumba za watu. Akili yangu ni timamu, kilichochoka ni kifua. Mali yangu mnaijua: stoo hii iliyo chini yetu hapa Kariakoo yenye milango na madirisha na mbao za nyumba zilizobomolewa, nyumba yetu ya bondeni kando ya mto Msimbazi, na kiwanja cha Chamazi ambacho wewe Abdulrazak umeshakichorea ramani kichwani, usikatae, nimekuona ukikihesabia vyumba kwa vidole. Sidaiwi dukani wala benki, na maisha yangu yote nilitembea kifua mbele kwa sababu hiyo. Leo nasema mbele yenu kwamba nadaiwa, na aibu ya deni hilo ndiyo inayonilaza ubavu mmoja nikiutazama ukuta, si maumivu kama mnavyomwambia daktari.

Ananidai Mama Bryson.

Msitazamane. Ndiye huyo huyo, Violeth, jirani yetu wa upande wa chini kule bondeni, Mngoni wa Songea, mtani wangu. Najua mnachotaka kusema, kwamba yule ndiye tunayempelekea sukari na mabati kila mvua zikimwingilia, vipi tena atudai sisi? Basi tulieni niwaeleze, maana hakuna mnachokisikia hapa ambacho hamkukiona kwa macho yenu, ila mlikiona nami nikiwa nimekaa pembeni yenu nakipa jina jingine.

Mnakumbuka masika yale maji yalipolala sebuleni kwetu, mama yenu Moza, Mungu amrehemu, akakaa juu ya meza na msahafu kifuani, na nyie wawili mkiwa juu ya kabati mnacheka kwa sababu mlikuwa watoto? Mimi sikucheka. Niliapa maji hayatanikuta tena ndani. Na miaka ile ndiyo nyumba za zamani za Kariakoo zilianza kuangushwa mfululizo kupisha maghorofa, mimi nachukua milango na nondo, na kifusi kila mtu anakikimbia, wenye viwanja wanakulipa ukiwaondolea. Nikakipeleka bondeni, Fuso kwa Fuso. Nikanyanyua kiwanja chetu kikawa juu ya viwanja vyote, kisha upande wa mto nikashindilia kifusi kingine, nikakivika mawe na zege, ukasimama ukuta ambao fundi mwenyewe alinipa mkono akasema mzee, hapa mto umepata mwanaume.

Mama yenu alikuja akasimama mbele yake, mkono kiunoni, akaniuliza, "Baba Abdu, na hayo maji sasa unayapeleka kwa nani?" Nikamjibu, "Yanaenda baharini." Nilimjibu haraka, kama mtu mwenye jibu. Moza aliniangalia, akaingia ndani.

Masika yaliyofuata mto ukaja, ukafika kwenye ukuta wetu, ukageuka. Nadhani mnakumbuka tulikuwa wapi. Tulikuwa barazani. Tulikuwa tunakunywa chai na maandazi, miguu mikavu, tunayatazama maji yakipita uchochoroni kuingia kwa Mama Bryson, yeye kambeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani anavuka. Wewe Huda uliniuliza kwa nini mwaka huu maji yamemchukia yule mama. Mimi nikanyanyua kikombe nikanywa. Mama yenu hakukaa barazani siku ile, na hakuwahi kukaa tena mvua ikinyesha, mpaka anakufa. Mimi nilikuwa nawaambia watu ana baridi ya miguu.

Sasa, sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Maji yalipopungua Mama Bryson alikuja mpaka mlangoni kwetu, tope mpaka magotini, watu wamejaa, akanisontea kidole akasema kwa sauti, "We Mngindo, umeniletea mto mpaka kitandani, utanilipa nyumba yangu!" Watu wote wakaangua kicheko. Si mtani? Mngoni akimtolea Mngindo maneno nani atashangaa? Nami nikacheka, nikamjibu kwamba Wangoni mlitupiga zamani mkatuchukulia mifugo, hiyo nyumba tuhesabu imefidia, na watu wakazidi kucheka, nikaingia uani nikamtolea mabati chakavu na kilo za sukari, nikamwambia pole. Akapokea. Akacheka na yeye. Lakini macho yake hayakucheka, na mimi niliyaona, wanangu. Alikuwa anadai kweli, nikamlipa kwa utani. Na tangu hapo kila masika ni vilevile, mto unamwingilia yeye, sukari inatoka kwetu, na mtaa mzima ukaniita mfadhili. Nikalipenda jina hilo. Nilivaa kanzu safi nikienda kumpa pole.

Abdulrazak, nakuona unavuta pumzi. Unataka kusema si sisi peke yetu. Ni kweli. Mikutano ya mtaa nimeikalia yote, nimewasikia wa bondeni wakisema serikali ijenge, na wengine wakijibu mliambiwa mhame hamkuhama, iweje kodi ya mtu wa mlimani ikawajengee nyie kila mwaka, na mwingine anasimama anasema wa kulipa ni wa juu wanaotupa taka mtoni, na mwingine anasema ni hayo maghorofa, yamesakafia kila mahali, tone la mvua halina pa kuzama. Wote wana lao la kweli. Nami nilisimama nikachangia, tena nilipigiwa makofi. Kila mtu pale alikuwa anamwonyesha mwenzake, na mimi nilikuwa naonyesha kwa mkono wenye zege kwenye kucha. Hayo makubwa waachieni wenye nayo wayabishanie. Sehemu ya mto ambayo niliisukuma kwa mkono wangu haina mwingine wa kuilipa.

Na ingekuwa imeishia hapo labda ningekufa nayo kimya, kama wanaume wengi. Lakini wamekuja wapimaji. Bonde linataka kutwaliwa, watu walipwe fidia waondoke, na fidia inalipa kilichosimama. Nyumba yetu imepimwa yote, vyumba vyote, na ukuta nao umeandikwa, ukuta ule ule una bei yake. Ya Mama Bryson ilikuwa na vyumba vinne na ukumbi alipoijenga na marehemu mumewe. Sasa imebaki chumba kimoja na kipande, kwa sababu kila mwaka tuliimomonyoa, na wapimaji hawapimi kilichoondoka na maji. Mnaelewa? Sisi tulipwe kwa ukuta, na yeye apunjwe kwa sababu ya ukuta huo huo. Wewe Abdulrazak uliniambia, baba, tusiuguse mpaka warudi kuhakiki, utatuongezea. Ulisema vizuri, kwa adabu, ukinimenyea chungwa. Nikaona uso wangu mwenyewe umekaa mbele yangu unanimenyea chungwa. Sikukasirika na wewe mwanangu. Niliona haya.

Nipe maji kidogo, Huda. Kidogo tu.

Wiki iliyopita Mama Bryson alipanda ngazi zote hizi kuja kunijulia hali, na chupa ya uji wa ulezi mkononi. Nikajiandaa. Nilisema moyoni, sasa atanitania, ataniambia Mngindo usife kabla hujanilipa, na leo nitamjibu, leo sitacheka. Hakunitania. Alisema, "Shikamoo, baba." Mtani wangu wa miaka yote, ananipa shikamoo! Akakaa kwenye kiti hicho, akanishukuru kwa mabati, akanishukuru kwa sukari, akasema wenzake wa jumuiya wameniombea kanisani kwa jina. Basi nikajua ameshachoka kudai. Ameamua mimi ni mtu mkubwa na yeye ni maskini wa kupewa, na nilikuwa nimemfundisha hivyo mwenyewe. Nilitaka kusema. Nikaitika "marahaba", wanangu. Hilo tu. Marahaba! Akaosha kikombe, akaenda.

Kwa hiyo nausia. Kwanza, ukuta uvunjwe. Uvunjwe kabla wapimaji hawajarudi, na kabla ya masika, nyundo ya kwanza ashike Abdulrazak kwa mkono wake, na kifusi kisimwagwe mtoni wala kwa mtu. Maji yakija kwetu yaje, hatuna mtoto mdogo pale. Pili, kiwanja cha Chamazi ni cha Mama Bryson, na milango na mbao za stoo zitakazotosha nyumba ya vyumba vinne na ukumbi ni zake, na fundi alipwe kutoka kwenye hiyo fidia yetu ikitoka. Nisikie Abdulrazak, najua kinachokuuma, na nakuonea huruma, ulikitamani kwa haki yako. Lakini msije mkaniwekea hili kwenye theluthi. Masheikh watawaambia mtu anaweza kumuusia asiye mrithi theluthi ya mali yake, na mtaona ni jambo jema, mtasema baba alitoa sadaka. Nakataa. Hii si sadaka na si wosia wa hisani. Ni deni, na deni linatoka mbele ya wosia, mbele ya mirathi, linatoka mara tu sanda ikishalipwa. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho chenu, mkigawane kama Mungu alivyopanga, na kikiwa kidogo msimlaumu yule mama.

Tatu, siku ya mazishi. Kabla jeneza halijanyanyuliwa mtu wetu atasimama kama ilivyo ada, atasema anayemdai marehemu ajitokeze. Mama Bryson atakuwa pale na kanga yake kati ya wanawake. Hatajitokeza. Anaamini yeye ndiye anayedaiwa na sisi. Na hata akijitokeza, Wangoni watakuwa wamejaa wanafanya vituko vyao vya utani, wamezuia njia, wanataka walipwe ndipo Mngindo apite, na watu watacheka tena, na lile neno litazama tena kwenye kicheko. Watani wapeni chao, ni haki yao. Lakini kabla ya hapo, Abdulrazak, utasimama wewe. Sio sheikh, sio ami yako. Wewe. Utamtaja kwa jina, bila kutabasamu. Na atakayesimama kunisifia kwamba nilikuwa mfadhili mumkalishe, hata akiwa mwenyekiti wa mtaa.

Huda, wewe mama, umenisafisha kama mtoto na hukukunja uso. Mungu akupe watoto watakaokusafisha hivyo. Abdulrazak, Mungu akupe mali ambayo mwenzako haamki usiku kwa ajili yake. Nyumba zenu zipate baraka, na ziwe mahali ambapo maji yakitoka kwenu hayaendi kwa mtu. Nizikeni karibu na mama yenu. Nikifika nitamwambia... ameshajua. Alijua yanaenda wapi.

Nisogezee mto wa kichwa. Hapana, acha.

Abdu, hebu liseme hilo neno nilisikie. Utakavyomwambia. Sema.

Hapana... sio "tunakupa". Ukisema tunakupa, nimecheka tena.

Sema tena. Taratibu.

Eeh. Mama Bryson... unatudai.

Tena, baba. Mimi sina pumzi, sema wewe.